Haragwe la Kwanza

Cherehani cha Kaze kilikuwa kimevalishwa kitambaa cheupe cha kufuma. Juu ya kitambaa ilikaa televisheni, na juu ya televisheni, ua la plastiki. Shallon alipiga magoti akainua pindo la kitambaa taratibu, kama mtu anayemchungulia bibi harusi. Chuma kikang'aa. Sindano ilikuwa bado imevaa karatasi yake ya dukani.

"Hali ya mashine," alisoma kwenye tableti yake. "Nzuri sana, nzuri, mbaya, haifanyi kazi."

Kaze alimtazama yeye, akanitazama mimi, akasema ni nzuri sana. Na kweli ilikuwa nzuri sana. Kitu kisichoguswa kitachakaa na nini?

Shallon akabonyeza. Ilikuwa nyumba ya kumi na tisa pale mtaani kwetu Batsinda, na vyerehani kumi na tisa vyote vilikuwa katika hali nzuri sana. Shirika lililovigawa miaka miwili kabla ya hapo (jina lake naliacha, waliomo sasa ni watu wengine) lilitaka kujua vimeleta faida gani, ili lilete vingine. Shallon aliajiriwa kutoka nje kufanya tathmini. Alikuwa msichana aliyekulia Kampala, miguu mirefu, Kinyarwanda cha nyumbani kwao, Kiswahili kinachochechemea. Mimi niliajiriwa kwa sababu ya mdomo.

Siwezi kuliremba hilo. Darasani nilikomea la sita. Kilichobaki nilikisoma kwenye baraza la duka la baba, mtaani Biryogo, ambako babu yangu alifikia na majora yake ya nguo kutoka pwani na asirudi tena. Pale barazani nilijifunza kushona, kupiga bei, na kumjua mtu kabla hajafungua kinywa. Nilipoolewa Batsinda nilikuja na cherehani changu na mazoea yangu: nyumba yangu ni ya kona, mlango haufungwi mchana, apitaye anapewa chai ya tangawizi na anaacha habari. Mimba nyingi za mtaa ule nilizijua kabla ya waume. Kwa hiyo shirika lolote lililotaka wanawake arobaini wakae kwenye viti kabla ya saa nne liliambiwa: mtafuteni Mama Usumani.

Kaze alikuwa na mtoto wa wiki tatu kifuani na Christella, wa miaka mitatu, ameshikilia kanga yake. Kaze amekulia Bujumbura, Kiswahili chake laini kuliko changu, lakini mpole, mtu wa kujibu kwa kope. Tulipokuwa tunaaga nikamtania kwamba hata kanzu ya mtoto hajaishona, na mashine anayo ndani kama mke mdogo.

"Sijui kushona nguo, Mama Usumani," akasema. "Mimi najua mkono wa kushoto."

Nilidhani anatania naye. Kumbe alikuwa ananipa jibu. Miaka mitatu alikuwa katika kiwanda kimoja kule Masoro, na kazi yake, kuanzia saa moja asubuhi hadi jioni, ilikuwa mikono ya kushoto ya mashati. Mkono wa kulia ulikuwa wa mwanamke mwingine, meza ya mbele, ambaye alimjua kwa mgongo. Mtu anayeshona siku nzima hurudi nyumbani kutafuta cherehani cha nini? Mafunzo ya kushona yaliyokuja na mashine yalikuwa saa nane mchana, siku za kazi. Aliyekwenda kuweka sahihi na kupokea mashine alikuwa mumewe, Nduwayo, kwa sababu karatasi ilitaka mkuu wa kaya.

Shallon akapandisha kidole kwenye kioo, akakishusha. Swali la mkono wa kushoto halikuwemo.

Njiani aliniuliza nani aliyesema kwamba wanawake hawa wanahitaji vyerehani. Nikamjibu kwa haraka, kama mtu aliyekanyaga kaa la moto: walisema wenyewe. Mimi nilikuwepo.

Na nilikuwepo kweli. Siku ile ya kupima mahitaji walitandika mikeka katika ukumbi, wakapanga mabakuli matano. Mabakuli manne yalibandikwa picha: cherehani, mbuzi, jiko la kisasa, tangi la maji. La tano halikuwa na picha, ni la yeyote mwenye haja nyingine. Kila mwanamke akapewa haragwe moja aende kulitia penye haja yake. Bwana Achille, mkuu wa mradi, mtu wa shati lililonyooka na Kifaransa cha zamani, akaomba mmoja wetu aanze ili wengine waone inavyofanywa. Nani ataanza? Macho yote yakaja kwangu. Nikainuka na kitenge changu kipya, nikazunguka mabakuli mara moja kwa madaha, nikatia haragwe langu kwenye cherehani. Walicheka, wakapiga makofi, wakanifuata. Bakuli likajaa. Lile la tano lilibaki tupu kiasi kwamba Sangwa, muuza mboga, aliomba akawekee chumvi.

Nilirudi nyumbani nimefura kwa fahari. Niliwaambia walionitembelea kwamba safari hii wanawake wamesikilizwa.

Shallon hakuwa mtu wa makelele, ila alikuwa na ubishi wa chini kwa chini. Jioni ile, tukinywa chai kwangu, alisema fomu yake inauliza mashine, haimuulizi mwanamke. Akataka kujua ni wapi wanawake wa Batsinda husema kweli. Si ukumbini, si mbele ya waume, si mbele ya tableti. Nikamwambia ni kwenye guhemba. Mwanamke akijifungua, wenzake humwendea na igikoma, uji wa mtama, na maziwa, na sabuni, hukaa naye wamejazana kitandani na sakafuni, na mwanaume mwenye akili husikia hodi zetu akakumbuka ana safari. Bado hatukuwa tumemfanyia Kaze. Nikamwambia: chukua chupa ya uji, acha hiyo simu pana nyumbani.

Tulikwenda Jumapili, wanawake kumi na mmoja katika chumba cha watu wanne. Nduwayo alikumbuka safari. Mtoto alizungushwa mapaja hadi mapaja, akasifiwa pua, akalaumiwa usingizi. Sangwa alisimulia uzazi wake wa tatu kwa namna ambayo siwezi kuiandika. Shallon alikaa chini, amekunja miguu yake mirefu, anakunywa uji. Hakuuliza kitu. Nilitaka kumfinya aulize. Baadaye ndipo nilipoona kwamba kunyamaza kwake ndiko kuuliza.

Aliyeanza ni Kaze. Alisema msimamizi wa laini yao amemtumia neno: kiti chake kitamngoja hadi Jumatatu, si ya kesho yake bali ile ya wiki inayofuata, si zaidi. Mkataba wake ulikuwa wa miezi michache michache. Kiti kikikaa tupu, anakaa mwingine.

"Christella namfungia," akasema, kana kwamba anaeleza anavyopika. "Naweka maji, naweka mkate, nawasha televisheni, nafunga kufuli. Nikirudi yupo. Lakini huyu mdogo," akamtazama yule wa mapajani, "huyu hatazami televisheni."

Mmoja akasema yeye humfunga mwanawe mguu kwa leso, si kwa kukaza. Mwingine humwacha mdogo na mkubwa wake wa miaka minane, ambaye kwa hiyo haendi shule Alhamisi na Ijumaa. Mwingine humpa dawa ya mafua kidogo ili alale. Yalitoka moja moja, kwa sauti ya kuulizana bei za nyanya.

Niliwakasirikia. Nisidanganye, hasira ndiyo iliyotangulia. Nyumba yangu ni redio ya mtaa, na hakuna aliyeniletea habari hii? Nikawauliza kwa nini basi, siku ya mabakuli, walitia maharagwe yote kwenye cherehani.

Sangwa akanitazama kwa huruma, na Sangwa hana huruma.

"Sisi tulitia kwa sababu wewe ulitia. Tungekuaibisha mbele ya watu wa shirika?"

Basi ndivyo ilivyokuwa. Wanawake wa kwetu hawamwachi mwenzao peke yake mbele ya watu. Mtu akianzisha wimbo, hata kama si mtamu, unaitikia. Akigawa chakula chenye chumvi nyingi, unakula na unasema asante. Walinitendea adabu, na adabu ile ikasafiri kwenye karatasi hadi ng'ambo, ikaitwa mahitaji, ikarudi ndani ya makasha, vyerehani arobaini.

Shallon aliyaandika yote, bila majina. Bwana Achille aliyasoma, na siku iliyofuata akaniita ofisini, mimi peke yangu, akaniagizia soda. Hakuwa mtu mbaya. Ni kati ya watu wanaoshika mwavuli hata mvua ikikata, kwa sababu wameambiwa waushike. Alisema wafadhili wanakuja Ijumaa. Awamu ya pili imeshachorwa: vyerehani vingine, na vya kutarizi, na chumba cha kushonea. Alisema Batsinda si kijiji cha makufuli, kwamba habari kama zile zinaweza kuwaharibia akina mama wenyewe. Kisha akasogeza mezani kitu kilichokuwa bado hakina picha: kadi ya plastiki yenye kamba ya kuvaa shingoni. Msimamizi wa chumba cha ushonaji.

Niliitaka kadi ile. Miaka yote niliwajazia kumbi zao, wenye kadi wakapita mbele, mimi nikabaki na jina la "mama yetu wa uhamasishaji." Nilishaiona picha yangu pale, na kilemba.

"Tutarudia zoezi la maharagwe mbele ya wageni," Bwana Achille alisema. "Utaanza wewe, mama. Ukianza wewe, wote hufuata. Nililiona hilo tangu siku ya kwanza."

Sijui kama alijua alichokuwa amekiri. Niliirudisha soda mezani. Mimi kosa langu nililifanya bila kujua. Yeye aliliona, akaliona lina faida, akalihifadhi. Nilimjibu kwamba nitakuja na nitaanza, na kweli sikumdanganya.

Ijumaa ukumbi ulijaa. Wanawake thelathini na wanne, niliwahesabu mwenyewe mlangoni. Waume waliokaribishwa kama wakuu wa kaya, nyuma ukutani. Wageni watatu kwenye viti vyenye mito. Mabakuli matano kwenye mkeka. Kaze alikuja na mtoto mgongoni. Zilimbaki siku tatu. Bwana Achille alisema kwa Kinyarwanda, akasema kwa Kiingereza, akaniita mbele kwa jina langu lote, Uwineza Hadija, ambalo hata mume wangu hulisahau.

Nikasimama na haragwe kiganjani. Lilikuwa jekundu, lenye doa. Nilizunguka mabakuli mara moja, na nikawasikia nyuma yangu wakitengeneza vitenge vyao, tayari kuinuka na kunifuata. Nikageuka nikawatazama.

"Haragwe hili silitii," nikasema.

Nilisema polepole ili Shallon awatafsirie wageni. Nikasema: siku ile ya kwanza nilianza mimi, na mimi ni fundi cherehani, nilikwenda kwenye cherehani kama ng'ombe anavyokwenda kwenye chumvi. Wenzangu wakanisitiri. "Hamkupima haja yao. Mlipima heshima yao kwangu. Ile ni nyingi, nawashukuru, lakini hailei mtoto."

Bwana Achille alisimama, akitabasamu kwa meno tu, akasema mama amechoka. Nikamwambia mama hajachoka, mama bado hajamaliza. Nikaomba wanaume watoke. Wageni watoke. Yeye atoke. Abaki Shallon na mabakuli, yafunikwe kitambaa, na kila mwanamke aende peke yake, na atakayetia bakuli la tano amnong'oneze Shallon sababu.

"Na mimi natoka," nikasema.

Hilo liliwashangaza kuliko yote. Nikasikia Sangwa akisema chini chini kwamba basi leo kweli kuna jambo.

Nduwayo akanung'unika kutoka ukutani kwamba yeye ni mkuu wa kaya, mashine iko kwa jina lake, atatolewaje? Nilikuwa nimeshaandaa jibu, tena tamu. Sikuhitaji. Kaze, yule wa kujibu kwa kope, alikuwa ameshafungua kanga mgongoni. Alivuka ukumbi mzima, akamwekea mumewe mtoto mikononi.

"Basi shika kaya yako," akasema.

Kicheko kile kilikwenda hadi barabarani. Mgeni mmoja, mama wa makamo mwenye miwani, hakungoja tafsiri. Alichukua mkoba wake akatangulia mlangoni. Mgeni akishatoka, mwenyeji atakaaje? Bwana Achille alinipita bila kunitazama.

Nje kulikuwa na jua kali na ukuta wenye kivuli chembamba. Tulijipanga kivulini, wakuu wa kaya na mimi. Mlango ukafungwa. Sijawahi maishani mwangu kuwa upande ule wa mlango. Nilitega sikio, nikasogea dirishani, nikarudi, nikajifanya natafuta ndala. Sikusikia kitu. Wanawake thelathini na wanne ninaowajua hadi sufuria zao walikuwa mle ndani wanasema jambo, na mimi si mmoja wa wanaoambiwa. Ilinikereketa kama njaa. Nadhani ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanyia shirika, na haikuwemo kwenye mkataba.

Mtoto wa Nduwayo akaanza kulia. Baba wa watu alimgeuza huku, akamgeuza kule, akampulizia uso. Mwisho akanisogelea, jasho likimtiririka, akaniuliza mtoto akilia hivi hupewa nini.

Nikamwambia amuulize mkuu wa kaya.

Baada ya muda nilimhurumia, nikamwonyesha namna ya kumlaza begani. Mtoto akanyamaza. Tulikaa hivyo karibu saa nzima, mwanaume na mwanawe kivulini, na sijui Nduwayo aliwaza nini, ila mlango ulipofunguliwa hakuwa na haraka ya kumrudisha.

Shallon alifunua kitambaa mbele ya wote. Mbuzi, hakuna. Jiko, hakuna. Maji, mawili. Bakuli la tano, thelathini na moja. Akasoma alichonong'onezwa, bila majina, na ilikuwa sababu moja kwa maneno thelathini na moja: mahali pa kumwacha mtoto saa za kiwanda, mahali penye mtu mzima, pasipo kufuli. Mama mwenye miwani aliomba asome tena. Asome polepole.

Na kwenye cherehani, moja.

Hilo moja hadi leo sijui ni la nani. Nimechokoza, nimebembeleza, nimemwaga tangawizi ya kutosha kumfungua bubu. Hakuna aliyesema. Siku hizi nimeacha kuuliza. Aliyelitia alikuwa na haja yake, na alikwenda nayo peke yake.

Ripoti iligombaniwa miezi. Bwana Achille aliiandika mara mbili, Shallon akakataa kuweka jina lake mara mbili. Ya tatu ndiyo iliyokwenda, ikiwa na mabakuli na makufuli ndani yake. Mwezi wa saba chumba cha watoto kikafunguliwa karibu na kituo cha basi, kikiwa na mikeka, walezi wawili na dirisha upande wa barabara. Kadi ya msimamizi alipewa mwanamke mwingine, anayejua itifaki. Ni mtu mzuri, huja kwangu kunywa chai.

Lakini Jumatatu ya Kaze haikungoja mwezi wa saba.

Siku hiyo, kabla jua halijapanda, nilisikia hodi. Kaze alikuwa amesimama mlangoni amevaa aproni ya kiwanda, mtoto mgongoni, Christella mkononi, na chupa ya maziwa yake mwenyewe aliyoyakamua, imekaa ndani ya beseni dogo la maji baridi. Nyuma yake walikuwa wengine wawili wa zamu ileile, na wanao. Nilimuuliza, kwa upumbavu wa mtu aliyetoka usingizini, kuna nini.

"Ulituuliza tunataka nini," akasema. Alishafungua kanga, alishaniwekea mtoto kifuani. "Ukiuliza, Mama Usumani, unajibiwa."

Akanionyesha namna ya kupasha yale maziwa, akambusu Christella, akaenda kuwahi basi. Hakugeuka. Nilisimama pale na vichwa vinne vya watu, na gauni la mteja likiwa halijapigwa upindo.

Saa tatu simu ililia. Bwana Achille. Sauti yake ilikuwa ya upole wa kutengenezwa; alisema tuonane, kuna maneno ya kusahihisha kwenye yale niliyoyasema ukumbini, kuna karatasi ya sahihi yangu. Mtoto mmoja alikuwa anavuta uzi wa cherehani, mwingine ameloa, na mdogo wa Kaze amelala begani kwangu, pumzi yake ikinigusa shingoni.

Nikamwambia apige baadaye, nina watu ndani.